Fundo la Supaglu

Niseme mapema, asije mtu akanitetea: ushanga ule niliuuza mimi. Sikutumwa wala sikulazimishwa. Niliukuta kwenye kapu la mama mkwe wangu, nikaufunga fundo, nikadondoshea tone la supaglu, nikaupiga picha, na kabla chai yangu haijapoa ulikuwa umeshapata mnunuzi. Siku ile nilijiona mjanja kweli.

Naitwa Elinipa. Ni mtu wa maabara, na kazi iliyoachwa nusu inaniwasha mwilini. Nikienda kwa watu nikakuta kitasa kimelegea, naomba bisibisi kabla ya maji ya kunywa. Mume wangu, Shomari, husema alioa fundi bila kuambiwa. Tunakaa Kibaha, Picha ya Ndege. Kwao ni Marui, Kisarawe, na huko ndiko aliko mama yake, Bi Tatu, anayelima mihogo na mananasi, na anayetunga shanga tangu hajavunja ungo.

Utafiti wangu ni mdogo ukiuelezea. Kuna kikaratasi. Mtoto mchanga anachomwa kisigino, tone moja la damu linawekwa juu yake, unasubiri kidogo, na kikaratasi kinakuambia kama ana selimundu au hana. Nilichotaka kujua ni hiki: muuguzi wa zahanati ya kijijini, asiye na mashine na ambaye umeme wake ni wa kubahatisha, anaweza kukisoma sawasawa kama sisi wenye mashine? Nilihitaji watoto mia tatu. Nilipofika mia na themanini, ufadhili ukakatika. Msimamizi wangu, Dakta Telesphory, akaniambia niandike kwa hao niliowapata, nihitimu, niendelee na maisha. Aliniambia kwa upole kabisa. Nilimshukuru, nikatoka, nikaenda kulia chooni.

Na sikuwa nalilia shahada. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mimi na Shomari tulipima kabla ya ndoa, tukakutwa sote wawili tumebeba kinasaba cha selimundu. Wenyewe hatuumwi, ila kila mtoto tutakayempata ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Tukaoana hivyo hivyo, maana mapenzi hayasomi majibu ya maabara. Miaka minne tuliogopa. Kisha mimba ikaja yenyewe, tukaficha. Nilikuwa natafuna udongo mweupe kwa kificho kama mwizi, na mtu niliyemficha zaidi ni Bi Tatu. Ningeanzaje? Alikuwa ameshamzika binti mmoja kwa ugonjwa huo huo.

Binti huyo aliitwa Saburi, mdogo wake Shomari. Alifariki ana miaka kumi na minne, na mimi sikumkuta. Nilimjua kwa picha moja iliyobanwa kwenye fremu ya kioo kule Marui, kasimama mlangoni anacheka, kaziba mdomo kwa mkono. Walimtibu malaria, wakamtibu baridi ya mifupa, wakaita mpaka mtu wa kupunga pepo. Jina la ugonjwa walilisikia siku tatu kabla hajafa.

Kesho yake baada ya kile kilio cha chooni, Bi Tatu alikuja kututembelea na gunia la mihogo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku ananitazama macho yaliyovimba.

"Shomari kakufanya nini?"

"Shomari hana kosa, mama. Utafiti wangu umekwama."

"Huo utafiti nausikia tu, utafiti, utafiti. Ndio nini hasa?"

Nikamweleza. Nilichukua hata kikaratasi kimoja kwenye mkoba nikamwonyesha. Alikishika kwa ncha za vidole viwili, akakigeuza huku na huku.

"Kwa hiyo hiki kingekuwapo alipozaliwa Saburi..."

"Tungejua mapema, mama. Dawa zipo, chanjo zipo, na kuna namna ya kumtunza mtoto wa namna ile."

Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta cha kusema. Badala yake akauliza, "Na vinauzwa?"

"Vinauzwa. Ghali."

"Basi na mimi nina vya kuuza," akasema, akafungua pindo la khanga na kunionyesha bangili ya shanga aliyokuwa akiitunga njiani.

Hivyo ndivyo duka letu la mtandaoni lilivyoanza. Nililiita Shanga za Marui. Nilipiga picha juu ya karatasi nyeupe za maabara, hereni, bangili, mikufu, na chini yake nikaandika ukweli mtupu: kila ukinunua unasaidia kumpima mtoto mchanga selimundu. Bi Tatu alikuwa na masharti yake. Shanga za kiunoni hatuzitangazi, hizo ni mambo ya ndani. Na kila mnunuzi nimtajie jina lake, kwa sababu yeye hatungi kitu bila kujua kinakwenda kwa nani. Kila jioni nilimpigia simu kumsomea oda, naye anauliza: huyo Laurensia wa Mwanza ni mtu mzima au msichana? Ana watoto? Mweupe au maji ya kunde? Nikimwambia mtandaoni watu hawaulizani hivyo, ananicheka.

"Nyie Wapare kwa hesabu hatuwawezi, ila kwa watu mna haraka."

Wanunuzi walikuja, na sikutegemea wangekuwa wale. Wengi walikuwa wazazi. Nani mwingine angeyasoma maneno yangu mpaka mwisho? Mtu anaagiza hereni, halafu chini anaandika aya nzima kuhusu mwanawe: alilazwa mara ngapi, damu aliongezewa lini, shuleni wanamwita mvivu. Nilikuwa namsomea Bi Tatu na hao. Alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Huyo mwekee na bangili. Usimwambie."

Vikaratasi vya kupimia vikaanza kununulika kidogo kidogo. Mtoto wa mia mbili nilimpima zahanati moja upande wa Ruvu, nikarudi nyumbani naimba.

Sasa nifike kwenye kosa. Jumamosi moja nilikwenda Marui kuchukua mzigo. Bi Tatu alikuwa Mzenga kwenye harusi, akaniambia kwa simu nichukue vilivyomo kwenye bati la biskuti, vyote vya kuuza. Nikachukua. Oda zilikuwa kumi na mbili, vitu vilikuwa kumi na kimoja. Mtu mwingine angerudi na kumi na kimoja. Mimi nikaanza kupekua.

Kapu lake la kutungia lilikuwa chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na nta, sindano, vifuko vya shanga, na chini kabisa, juu ya kipande cha khanga kilichopauka, mkufu mrefu wa shanga nyeupe na buluu. Ulikuwa mzuri kuliko vyote alivyowahi kutunga. Punje zilipangana kwa namna ambayo sikuweza kupata kosa hata nilipolitafuta. Ila ulikuwa haujaisha. Ncha mbili za uzi zilikuwa wazi, zimebanwa kwa pini kwenye kile kitambaa. Nikasema, bibi huyu naye, kazi yote hii halafu anashindwa na fundo.

Nikachomoa pini. Nikafunga fundo mara tatu, nikatoa supaglu mkobani, maana mimi hutembea nayo, nikadondoshea. Nilijisikia nimemsaidia. Picha nikaipigia pale pale, juu ya kitanda chake. Aliyeuchukua ni yule wa oda ya kumi na mbili, mama mmoja wa Kwala, jina lake Maulida, na Jumapili bodaboda aliupeleka.

Jumanne Bi Tatu alinipigia. Huwa ananiita mwanangu au, akitaka kunichokoza, Mpare. Siku hiyo alisema, "Elinipa."

"Naam, mama."

"Kapuni mwangu uliingia?"

"Niliingia, mama. Nilikuwa nimepungukiwa na kimoja. Ule mweupe na buluu nimeumalizia mwenyewe. Umependwa huo! Umekwenda Kwala."

Nikadhani mtandao umekatika. Nikaita, mama, mama. Kisha nikasikia anavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Basi."

Akakata. Nikampigia Shomari, nikamwambia mama yake ameniita kwa jina langu.

Shomari ndiye aliyenieleza jioni, na ilimchukua muda, alikuwa anaanza sentensi anaiacha. Kwao, msichana akivunja ungo huwekwa ndani, anafundwa, na siku ya kutolewa nje huvalishwa ushanga mpya. Mama yake ndiye anayeutunga. Anautunga wote, ila haufungi. Fundo la ushanga wa kutokea hufungwa shingoni mwa mwenyewe, siku hiyo, na mama au somo yake, yule mwanamke aliyemfunda, na anapofunga anamnong'oneza neno. Ushanga uliofungwa ni bidhaa, yeyote anaweza kuuvaa. Ulio wazi una mwenyewe.

"Ule ni wa Saburi," akasema Shomari. "Zilikuwa zimebaki wiki tatu atoke. Mama aliuacha kama ulivyokuwa."

Miaka kumi na minane ulikaa wazi. Na mimi nimekwenda na supaglu.

Nililia siku hiyo kuliko siku ya ufadhili. Nilimpigia, hakupokea. Alhamisi mtoto wa jirani yao alileta ujumbe kwamba Bi Tatu anasema mikono imechoka, oda tusipokee tena kwa sasa. Hakunigombeza hata neno moja, na hilo ndilo lililoniua. Mtu akikugombeza una mahali pa kushika. Nilikuwa nalala naangalia dari na mkono juu ya tumbo, nawaza: huyu ndiye nitakayemwambia nimebeba mtoto, tena mtoto ambaye huenda naye ana ugonjwa ule ule? Mlango wenyewe nimeshaufunga kwa gundi.

Nikampigia yule Maulida wa Kwala. Nilijieleza vibaya, nikachanganya mambo, nikasema kuna kosa limetokea, ushanga ule haukuwa wa kuuzwa, nitamrudishia chake na kumpa mikufu mitatu mipya juu.

"Dada," akasema taratibu, "mwanangu ameshauvaa. Hauvui hata akilala. Nimvueje?"

Nikamweleza ushanga ni wa nani, na kwamba mwenyewe alifariki.

"Njooni," akasema. "Njooni tuzungumze hapa hapa nyumbani. Mimi si mtu wa kugombea ushanga na mfiwa."

Niliwaza kwenda peke yangu, niurudishe kimya kimya nikauweke Marui juu ya kitambaa chake. Shomari akakataa. Akampigia mama yake mwenyewe na kumwambia umejulikana ulipo. Bi Tatu akasema neno moja: "Nipelekeni."

Jumapili Shomari aliazima pikapu ya rafiki yake Ponsiano, tukampitia mama Marui asubuhi. Alikuwa amevaa khanga mpya, mkononi ana kapu lake. Nilipiga magoti kwenye mchanga nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniambia niinuke nisichafue gauni. Tulikaa watatu mbele, yeye katikati. Tulipoipita Vigwaza, akaanza kuongea huku anatazama mbele, kama anaongea na kioo cha gari.

"Alikuwa analia miguu. Mle ndani. Anasema mama, miguu inavunjika. Na mimi nikamwambia mwali halii. Somo yake akamwambia mwali halii. Nikamwambia ukilia sasa, siku ya uzazi utafanyaje? Basi akanyamaza." Akafuta jicho kwa pindo la khanga. "Alikuwa mtoto msikivu. Alinyamaza kweli. Siku tunampeleka hospitali, daktari anatuuliza, amekuwa hivi tangu lini? Tukawa hatujui. Hakuna aliyejua, maana tulimkataza kusema."

Shomari alikuwa anaendesha na machozi yanamtiririka, hayafuti. Mimi nilimshika mama mkono. Hakuutoa.

Nyumba ya Maulida ilikuwa ya vyumba viwili, imepakwa chokaa, si mbali na barabara ya malori yaendayo bandari kavu, ambako mumewe ni mlinzi. Alitupokea vizuri, akatandika mkeka barazani, akaleta maji ya kunywa. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Baada ya salamu akaita, "Zuwena! Njoo usalimie wageni."

Binti akatoka, anatembea polepole kwa kukanyagia pembeni mwa nyayo. Nilijua kabla hajafika kwamba naye ana selimundu. Macho yake yalikuwa na umanjano, na vidole vya mkono wa kushoto vimevimba. Ana miaka kumi na mitatu, ila kwa umbo ungempa tisa. Ushanga wa Saburi alikuwa ameuzungusha shingoni mara mbili, na bado ulimfika tumboni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapa."

Zuwena akakaa mbele ya Bi Tatu. Akamtazama, akatutazama sisi, kisha akashika ushanga kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa ameshamwambia.

"Ni wako, bibi?"

"Ni wa binti yangu."

"Yule aliyefariki?"

"Ndiye."

Mtoto akainamisha kichwa na kuanza kuuvua mwenyewe. Vidole vile vilivyovimba vilimsumbua, ukanasa sikioni, akauvuta tena taratibu asije akaukata. Akauweka mapajani mwa Bi Tatu, akaupanga ukae duara.

"Samahani, bibi," akasema. "Nilipokuwa nimelazwa wiki hii nilikuwa nazihesabu. Maumivu yakija nahesabu nyeupe, halafu buluu. Sijaivunja hata moja."

Maulida akageuza uso. Mimi nilifungua mkoba kutoa ile mikufu mitatu mipya, nikaona ni upuuzi, nikaufunga.

Bi Tatu aliuchukua ushanga, akaupitisha vidoleni mpaka akalifikia fundo langu. Akaligusa kwa kucha. Lilikuwa gumu kama jiwe.

"Hiki ndicho nini?"

"Supaglu, mama," nikasema.

"Mungu wangu. Umefunga kama unaziba pancha."

Shomari alicheka bila kutaka, na Zuwena naye akacheka. Bi Tatu akaomba wembe. Maulida alipouleta, mama akalikata fundo, akalitupa uani, na ncha za uzi zikawa wazi tena kama zilivyokuwa miaka yote. Nikasema basi, sasa ataubana kwenye kitambaa chake na tutaondoka, na ni haki yake. Alitoa hata kile kitambaa kapuni. Lakini alikitandaza mapajani kama meza, akamwambia Zuwena, "Geuka. Nipe mgongo."

Akampimia. Ushanga ulikuwa umetungwa kwa msichana mrefu mwenye mabega, kwa mtoto huyu ulizidi. Bi Tatu akawa anachomoa punje moja moja, nyeupe, buluu, nyeupe, anazimimina kwenye kitambaa, anapima tena shingoni, anachomoa tena. Malori yalikuwa yanapita barabarani na kutikisa bati za nyumba. Mwisho ushanga ukalala vizuri juu ya mifupa ya shingo ya mtoto, haubani wala haulegei. Bi Tatu akazishika ncha zote mbili, akaukamata uzi. Kisha akafunga.

Alipokuwa anakaza fundo, aliinama sikioni mwa Zuwena. Neno la kufungia halisikilizwi na watu wengine, Shomari alinieleza hivyo, na nilijitahidi nisisikie. Ila nilikuwa nimekaa karibu mno.

"Ukiumwa, lia," Bi Tatu alimwambia. "Umesikia? Lia mpaka wakusikie. Usimnyamazie mtu."

Zuwena aliitikia kwa kichwa. Halafu akageuka, akamkumbatia mwanamke asiyemjua, na Bi Tatu akamshikilia hivyo hivyo, anampapasa mgongo, macho kayafumba. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya pikapu mpaka niliporudiwa na akili.

Tulikula wali na samaki wa Ruvu pale kwa Maulida, maana hakukubali tuondoke hivi hivi. Saa tisa tukaaga. Njiani Bi Tatu alifungua pindo la khanga alikozifunga zile punje zilizobaki, akazimimina kiganjani mwangu. Hazikujaa kiganja.

"Shika hizi."

"Nikazifanyie nini, mama? Niongezee kwenye bangili?"

"Tunga mkufu mdogo. Nitakufundisha kupaka uzi nta, mikono yenyewe imeshapumzika. Ila ukimaliza usifunge."

"Kwa nini?"

Alikuwa anatazama barabara.

"Mwenyewe bado yuko njiani."

Shomari alikanyaga breki bila sababu, na lori la nyuma likatupigia honi ndefu. Mimi niligeuka nikamtazama mama mkwe wangu, naye hata hakunitazama.

"Umejuaje?"

"Mwanangu, mtu wa maabara anakula udongo mweupe wa Pugu anajifuta mdomo kwa khanga nyeusi, halafu anauliza nimejuaje." Akanitazama sasa. "Nilijua tangu siku ya lile gunia la mihogo. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Basi nikamwambia. Yote, ya vipimo vyetu kabla ya ndoa, ya moja kati ya nne, ya miaka minne ya woga, ya kulala nikitazama dari. Nilimwambia niliogopa kumrudisha kaburini kwa Saburi. Nililia ovyo, kamasi na machozi, na yeye alinisubiri mpaka nikamaliza.

"Nimesikia," akasema. "Kikaratasi chako kitasema. Kikisema hana, tutashukuru. Kikisema anao, tutamlea tukijua, na kujua ndiko nilikokosa mimi. Ila siku nyingine usinifiche, nami sitakuficha. Ushanga ule ningekuonyesha tangu mwaka ulipoolewa, yasingetokea haya. Niliona haya."

"Uliona haya ya nini, mama?"

"Ya kulia," akasema. "Mtu mzima mimi."

Wiki iliyofuata alianza tena kutunga, na mimi Jumamosi nakwenda Marui kujifunza. Sina mkono, anasema natunga kama ninayehesabu seli, na kila nikipinda uzi ananipiga kibao cha mkono. Maulida naye ametusaidia duka kuliko matangazo yangu yote, kwa kuwaambia akina mama wenzake wa kliniki. Zuwena bado anaumwa, alilazwa tena mwezi uliopita. Mama yake aliniambia alipiga kelele usiku mpaka majirani wakaja na gari.

Ule mkufu mdogo nimeumaliza. Unaning'inia jikoni kwangu, kwenye msumari juu ya jagi la maji, ncha mbili wazi, zimebanwa kwa pini. Kila nikipita mkono unaniwasha. Naupita hivyo hivyo.

Na watoto tumefika mia mbili tisini na tisa. Nafasi ya mwisho nimeiacha, na nimeshapanga atakayechoma kisigino na kusoma jibu ni muuguzi wa zahanati, si mimi. Dakta Telesphory ananiuliza kila wiki huyo wa mia tatu yuko wapi, tufunge kazi. Namwambia yuko njiani.